Kutoka kwenye Sonona kwa Kazi ya Mikono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa tena na tena tangu nianze kukaa na wenzangu kila Jumamosi kusuka ukili (ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka), kudarizi, kufuma na kuchora. Wanaouliza ni wa kila aina: wapo waliotoka wodini, wapo ambao hawajawahi kumwona daktari, wapo wazazi, wake na waume wa wagonjwa. Mimi si daktari. Niliugua sonona, nikatibiwa, na kazi ya mikono ndiyo iliyonirudishia sababu ya kuamka asubuhi. Panapohusu dalili na dawa nimeandika yanayokubalika kwa wahudumu wa afya, na nimesema wazi ni wapi lazima uende kwao.

Kama sasa hivi unawaza kujiua, usisome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja kwenye swali la 9.

## Kuielewa sonona

1. Nitajuaje kama nina sonona au ni huzuni ya kawaida?

Angalia imekaa muda gani na imegusa mangapi. Huzuni ya msiba huja na kupungua. Katikati yake mtu anaweza bado kutabasamu akimwona mjukuu. Sonona hung'ang'ania: karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, moyo ni mzito, au mambo uliyoyapenda hayakupi tena raha yoyote. Pamoja na hilo huja mengine: usingizi kukatika au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usioisha hata ukipumzika, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, kujiona hufai, mwili kwenda polepole au kutotulia, na mawazo ya kifo. Wahudumu wengi hutumia dodoso fupi la maswali tisa, ambalo lipo kwa Kiswahili, na halichukui muda mrefu.

Kwetu wengi hawaanzi kwa kusema "nina huzuni". Husema kichwa kinagonga, kifua kinabana, mwili wote unauma, au "nawaza sana". Wanapimwa malaria, homa ya matumbo na presha, wanaambiwa hawana kitu, wanarudi nyumbani wakiwa wapweke zaidi. Kama umeshazunguka hivyo, safari ijayo mwambie daktari habari za usingizi wako na moyo wako, si maumivu peke yake.

2. Je, ni upungufu wa imani? Au nimerogwa?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 280 wanaishi na sonona. Humo wamo wanaosali usiku na mchana na wasiosali kabisa. Ni ugonjwa unaotibika, na chanzo chake huwa ni mchanganyiko wa mwili, urithi na yaliyokupata maishani: kufiwa, ukatili, madeni, maradhi ya muda mrefu, uzazi.

Dua na sala zikikupa utulivu, endelea nazo, na waumini wenzako wakija kukujulia hali, wafungulie mlango. Ila mtu yeyote anayekutaka utupe vidonge ili uonyeshe imani yako anakuweka hatarini, hata kama nia yake ni njema.

3. Ubunifu peke yake unaweza kuniponya?

Kwa sonona nyepesi, shughuli zenye ratiba, mazungumzo na mshauri, usingizi mzuri na mazoezi vinaweza kutosha. Kwa sonona ya kati na kali, hapana. Hapo unahitaji tiba ya mazungumzo, dawa, au vyote viwili, na sanaa inakaa kando ya tiba hizo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikaonyesha kwamba sanaa husaidia katika kukinga na kudhibiti maradhi, ya akili yakiwemo. Kukinga na kudhibiti ni mengi, lakini si kuchukua nafasi ya daktari.

Wala wazo hili si geni hapa kwetu. Lutindi, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, ni hospitali ya afya ya akili iliyoanza kupokea wagonjwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi za shambani na za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu yake. Hospitali kadhaa kubwa zina wataalamu wa tiba kazi, watu waliosomea namna ya kutumia shughuli kumrudisha mgonjwa kwenye maisha yake. Uliza kama hospitali iliyo karibu nawe inaye.

4. Kwa nini kushona au kuchora kusaidie kichwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake lilibadilisha namna nilivyoutazama ugonjwa wangu.

Sonona hukunyang'anya hamu, nawe kwa kukosa hamu unaacha kufanya mambo. Ukiacha kufanya mambo, unakosa vile vitu vidogo vinavyompa mtu furaha: jirani kukusifia, chakula kutoka vizuri, kicheko cha mtu. Ukivikosa hivyo, hamu hupungua zaidi. Kuna tiba nzima iliyojengwa juu ya kuukata mzunguko huu kwa upande wa vitendo, na mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn ni mmoja wa walioweka msingi wake miaka ya 1970. Mgonjwa hapangi kufurahi. Anapanga kufanya jambo dogo, saa fulani, awe na hamu au asiwe nayo. Hamu hufuata nyuma ya kitendo, tena kwa kuchelewa. Wengi tunakaa kusubiri hamu ije kwanza, na miezi inapita.

Kazi ya mikono inafaa sana kwa hili. Matokeo yake yanaonekana: jana ukili ulikuwa shubiri moja, leo ni mbili, na ile sauti inayosema "hujafanya kitu" haina la kusema mbele ya shubiri mbili. Pia inashika akili kiasi. Ukisuka lazima ufuate miyaa ya ukindu inavyopishana, upi unapita juu na upi chini, na muda huo mawazo yale yale ya kujilaumu hayapati nafasi yote. Halafu kuna suala la macho. Watu wanaoshona pamoja hawatazamani usoni. Nimewasikia watu wakisema, huku wakiwa wameinamia sindano, mambo ambayo wasingeyasema kamwe wakikalishwa kwenye kiti na kuulizwa.

## Kuanza

5. Sina hamu ya chochote. Nianzie wapi?

Anza na dakika kumi. Ziweke mara baada ya kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, kama chai ya asubuhi au kurudi kumpeleka mtoto shule. Vifaa viandae usiku, viwe vimekaa tayari juu ya meza au mkeka, kwa sababu asubuhi kutafuta mkasi tu kunatosha kukukatisha tamaa. Dakika kumi zikiisha, acha, hata kama ungeweza kuendelea. Kesho utarudi kwa urahisi zaidi ukiwa umeachia njiani kuliko ukiwa umejichosha.

Hesabu kitendo, usihesabu uzuri. Weka alama kwenye kalenda: nimekaa, sijakaa. Siku za mwanzo usitarajie raha yoyote. Kama imekuja, vizuri, na kama haijaja, kazi imefanyika vilevile. Na siku uliyoshindwa kabisa kutoka kitandani, shika uzi mkononi hapo hapo kitandani. Nayo inahesabika.

6. Sina kipaji. Nifanye nini hasa?

Kipaji hakihitajiki hata kidogo hapa. Chagua kwa kuangalia sonona yako imekaaje.

Kama akili inakimbia na haikuachii, chukua kitu cha kurudiarudia: ukili, kroshia, kushonea shanga. Kama mwili umekuwa mzito na unalala mchana kutwa, chukua kinachokuinua: ngoma, bustani ya mchicha, kufinyanga. Kama maneno yamekukwama, chora. Kama upweke ndio unaokuumiza zaidi, tafuta kwaya, kikundi cha kaswida au taarabu. Ukiimba na wenzako huwezi kuwa peke yako, hata usipoongea na mtu.

Kofia ya viua sishauri iwe kazi ya kwanza. Ni nzuri ajabu, lakini ina matundu madogo mengi mno ya kuzungushia uzi, na kofia moja hula miezi. Mgonjwa anahitaji kumaliza kitu mapema. Anza na kitambaa kidogo cha meza, au kikapu cha kiganja, ukimalize, ukione.

7. Sina hela za vifaa.

Mafundi cherehani wana mabaki ya vitenge na kanga wanayoyatupa, omba. Mkaa wa jikoni huchora vizuri sana kwenye kadibodi la boksi. Fulana kuukuu hukatwa vipande virefu, vikasukwa zulia la mlangoni. Daftari la shule na kalamu ya wino vinatosha kuandika mwaka mzima. Usikope ili ununue rangi za mafuta. Deni ni mzigo mwingine juu ya mgonjwa.

8. Nikiandika yaliyonipata nalia zaidi. Niache?

Inategemea unalia vipi. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi kuandika kuhusu tukio lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika kwa kina walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kliniki mara chache kuliko wengine. Kwa hiyo kulia baada ya kuandika si ishara kwamba umekosea.

Shida ni pale kurasa zote zinaposema kitu kimoja: mimi si kitu, ni kosa langu, ningejua. Hapo kalamu inausaidia ugonjwa. Geuza macho nje. Andika ulichokiona njiani leo, namna bibi yako alivyopika samaki wa kupaka, barua kwa mtu usiyekusudia kumpelekea. Kama kilichokupata ni ukatili mkubwa, kubakwa au vita, usikifungue peke yako usiku; kifungue ukiwa na mshauri.

Na daftari lako ni siri yako. Kama nyumbani watu wengi wanashika vitu vyako, andika kisha uchane. Faida iko kwenye kuandika.

## Hatari, daktari na dawa

9. Nawaza kufa. Nifanye nini sasa hivi?

Usikae peke yako. Mwambie mtu mmoja, kwa maneno ya wazi: "Nawaza kujiua, naomba ukae na mimi." Dawa, sumu za shambani na kitu chochote unachokifikiria vitoke mikononi mwako, mtu mwingine avishike. Kisha nendeni pamoja kwenye hospitali yoyote yenye huduma ya dharura. Si lazima iwe ya magonjwa ya akili. Kenya unaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu au 0722 178 177 ya Befrienders. Kwa mtoto au kijana mdogo, namba 116 inafanya kazi Kenya na Tanzania.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa sheria. Kuwa na mawazo hayo na kumweleza mhudumu si kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa jinai ni kinyume cha Katiba. Tanzania jaribio lenyewe bado limo kwenye Kanuni ya Adhabu, nami naomba siku moja liondolewe, lakini usiache hofu hiyo ikuzuie kutafuta msaada mapema.

Uzi na rangi viweke kando leo. Vitakungoja.

10. Nimeanza kujisikia vizuri na kazi zangu zinapendeza. Niache vidonge?

Usiache bila daktari, na usiache ghafla. Dawa za sonona kama fluoxetine na amitriptyline huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi vizuri, na kwa kawaida mgonjwa huendelea nazo kwa miezi mingi baada ya dalili kwisha. Hazina uraibu kama wa pombe au bangi, lakini ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi, ukadhani ugonjwa umerudi. Kujisikia vizuri huenda ni kazi ya dawa na mikono yako kwa pamoja. Usiondoe mguu mmoja wakati nyumba ndiyo kwanza inasimama.

11. Dawa zimenifanya nisihisi kitu. Siwezi hata kuchora.

Hili ni la kweli, hutungi. Baadhi ya watu huhisi hisia zote zimefifia, nzuri na mbaya. Wengine wanasinzia au midomo inakauka, wengine mikono inatetemeka kidogo. Mweleze daktari kwa mfano wa kazi yako: "Zamani nilikuwa nachora saa nzima, sasa nashika brashi natazama ukuta." Anaweza kubadili kipimo, saa ya kumeza, au dawa yenyewe. Wengi hawasemi kwa kuona aibu, wanaziacha kimyakimya.

12. Nimelipuka kwa mawazo mapya, nafanya kazi usiku kucha, sichoki. Nimepona?

Tulia na usome hili kwa makini. Kama umelala saa mbili tatu kwa siku kadhaa na huoni usingizi, unaongea haraka, unatumia pesa hovyo, una mipango mikubwa inayowashangaza wanaokujua, mwone daktari ndani ya siku moja au mbili. Huenda una ugonjwa wa hisia mseto, ambapo mtu hushuka kwenye sonona na kupanda kupita kiasi. Dawa za sonona zikitumiwa peke yake kwa mtu wa namna hii zinaweza kumpandisha zaidi, kwa hiyo daktari lazima ajue. Nenda na mtu wa nyumbani, maana wewe mwenyewe hutaona kama kuna tatizo.

## Kupata maana upya

13. Dalili zimekwisha, mbona maisha hayana maana kama zamani?

Kwa sababu kupona na kupata maana ni kazi mbili. Vidonge na mshauri vilikutoa shimoni. Havikukuambia uende wapi. Pengine kazi imepotea wakati ukiumwa, ndoa imevunjika, au yale uliyokuwa ukiyakimbilia hayakuvutii tena.

Nilivyoona mimi, maana haiji kwa kukaa na kuitafakari. Inaanza siku mtu mwingine anapokingojea kitu ulichonacho mkononi. Mama mmoja katika kundi letu alisuka kwa muda mrefu bila kusema na mtu. Jirani yake akafiwa, nyumba ikakosa mikeka ya kukalia wageni, wakamjia yeye. Alishonea ukili wake wote usiku ule na mkeka ukatandikwa asubuhi. Baada ya hapo alianza kuja mapema kuliko sote. Kwa hiyo ninapoulizwa "nitapataje kusudi", huuliza: nani anaweza kupokea kitu chako? Mtoto wa shule anayehitaji begi, msikiti au kanisa linalohitaji mapazia, bibi anayetaka hadithi zake ziandikwe kabla hajaondoka. Anza na mmoja.

14. Nilikuwa fundi au msanii kabla ya kuugua. Sasa siwezi kugusa kazi yangu.

Usirudie kwenye kazi ile ile kwa kiwango kile kile. Inakupima kila dakika na yule uliyekuwa. Mchoraji ashike udongo, mshonaji aandike, mwanamuziki alime, kwa miezi michache, mahali ambapo hana jina la kulinda. Wengi hurejea baadaye kupitia mlango wa nyuma: kumfundisha kijana, kurekebisha kazi ya mtu. Na kama usiporejea, maisha bado yako.

15. Niuze ninachotengeneza?

Baadaye, na kidogo. Oda yenye tarehe inaweza kugeuza kilichokuponya kuwa kingine cha kukukosesha usingizi. Ukiamua kuuza, bakiza kazi moja isiyouzwa kabisa. Piga hesabu ya uzi, nauli na saa zako kabla ya kutaja bei, na usipokee malipo ya awali ya kazi usiyo na uhakika wa kuimaliza.

16. Familia inasema napoteza muda.

Wana hofu ya pesa, na hofu hiyo ina msingi. Waonyeshe kalenda yako ya swali la 5: siku ulizoamka, ulizooga, ulizokula. Au mlete ndugu mmoja akae nasi Jumamosi moja. Maneno mengi huwa hayasaidii.

## Hali za pekee

17. Nimejifungua karibuni na sina hamu hata ya mtoto.

Kulia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Ikizidi wiki mbili, sema kliniki siku ya chanjo. Si lazima ungoje miadi nyingine. Zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Ukisikia sauti, au ukipata mawazo ya kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura ya leo leo. Kuhusu kazi ya mikono, dakika tano mtoto akiwa amelala zinatosha, na usingizi wako unatangulia.

18. Mimi ni mwanamume. Kufuma na kudarizi si mambo ya wanawake?

Lamu wanaume hudarizi kofia tangu zamani, na mvuvi asiyejua kushona nyavu hana mvuvi ndani yake. Wanaume wengi wenye sonona hawalii. Wanakasirika, wanakunywa, wanafanya kazi mpaka wanaanguka. Kama sindano inakupa tabu, kuna useremala, uchongaji, kutengeneza baiskeli. Kinachotakiwa ni mikono iwe na kazi na uwe karibu na mtu.

19. Ndugu yangu hatoki chumbani. Nimlazimishe?

Usimlazimishe na usimhubirie. Ingia, kaa, fanya kazi yako mwenyewe karibu naye. Menya vitunguu, fuma, paka rangi kibao. Siku moja mwombe kitu kidogo: "Nishikie uzi huu." Akikataa, sawa, kesho utaingia tena. Akiacha kula au kunywa, au akigawa vitu vyake kama anayeaga, rudi swali la 9.

20. Anachochora kinatisha: makaburi, damu. Nikichane?

Usikichane. Muulize: "Nieleze picha hii," kisha unyamaze umsikilize. Mara nyingi picha hubeba kile ambacho mdomo umeshindwa. Ila muulize pia moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Picha akaipeleke kwa mshauri wake, kama mwenyewe ameridhia.

21. Sonona imerudi. Basi yote yalikuwa bure?

Karibu nusu ya wanaopona mara ya kwanza huipata tena, kwa hiyo hujafeli. Tofauti ni kwamba sasa unazijua dalili zako za mwanzo. Kwangu ni kuacha kujibu simu na kuacha kazi nusu nikidai "nitamalizia kesho". Ziandike zako ukiwa mzima, mpe nakala mtu anayeishi nawe, na mkubaliane kwamba akiziona ana ruhusa ya kukupeleka hospitali bila mabishano.

Nenda wiki hiyo hiyo, usingoje mwezi uishe. Na kama bado una vidonge vya zamani kabatini, usijianzishie mwenyewe. Beba pakiti nzima uende nayo, daktari aone jina, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi.